Baada ya thesi, nani anamshika mtafiti mkono? Historia kutoka Lwiro hadi Nyiragongo



Kila mara ardhi inapotikisika Goma, swali ni moja: wapima volkano wanasemaje? Kila mara homa isiyojulikana inapozuka kijijini, tunauliza: maabara imeona nini? Anayejibu maswali hayo ni mtu aliyekaa darasani miaka mingi kuliko wengi wetu. Lakini baada ya mtu huyo kumaliza masomo, nani alimsaidia kuwa mtafiti wa kweli? Nani alimpa mashine, mshahara, mkubwa wa kazi wa kumwongoza, na muda wa kufanya utafiti?

Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba mara nyingi tumemsindikiza kijana hadi mlango wa udaktari, kisha tukamwacha hapo peke yake. Gharama ya kumwacha tumeilipa sisi wananchi, na wakati mwingine tumeilipa kwa kukimbia usiku na watoto mgongoni.

Tuelewane kwanza. Udaktari tunaouzungumzia hapa si ule wa kutibu hospitalini. Ni ile shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, anayoipata mtu akiisha kuandika na kutetea thesi. Inaweza kuwa ya mawe, ya samaki, ya sheria au ya lugha.

Nusu ya pili ya kazi

Mtu akitetea thesi, ameonyesha kwamba anaweza kufanya utafiti mmoja chini ya uongozi wa profesa wake. Bado hajajifunza kuongoza maabara, kuandika mradi wa kuomba fedha, kusimamia wanafunzi, kuandika makala zitakazokubaliwa na majarida ya kimataifa, wala kushirikiana na watafiti wa nchi nyingine bila kugeuka mbebaji wa mizigo yao. Mambo hayo hujifunzwa katika miaka ya kwanza baada ya thesi.

Wamarekani waliliona hilo mapema. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Baraza lao la Taifa la Utafiti lilianza kuwalipa madaktari vijana wa fizikia na kemia kwa fedha za Rockefeller. Kijana alipewa pesa ya kuishi ili afanye utafiti tu, bila kubebeshwa mzigo wa kufundisha. Linus Pauling na Robert Oppenheimer, ambao dunia nzima iliwajua baadaye, walipitia mpango huo katika miaka ya 1920.

Baadaye hata nchi tajiri zilipata shida. Vyuo vikuu viliwageuza vijana hao kuwa wafanyakazi wa bei rahisi: mkataba wa mwaka mmoja, kisha mwingine, bila kujua kesho. Mwaka 2003 watafiti hao wa Marekani waliunda chama chao cha kitaifa. Uingereza, vyuo vikuu na wafadhili wa utafiti walikuwa wamekwisha kuandika mapatano ya kuwasaidia mwaka 1996, wakayaandika upya mwaka 2008 na tena mwaka 2019. Mapatano ya 2019 yanasema kwamba kila mtafiti apewe angalau siku 10 kwa mwaka za kujiendeleza: kujifunza uongozi, kuandika miradi, kutafuta njia ya kazi yake ya mbele. Siku hizo zinahesabiwa kuwa kazi. Si likizo, wala si zawadi ya profesa.

Na kwetu Kongo, ilikuwaje?

Lwiro, mwaka 1947

Wenyeji wa Kabare na Katana wanayajua majengo ya Lwiro, kaskazini ya Bukavu, chini ya milima ya Kahuzi. Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi IRSAC. Makao makuu yakajengwa Lwiro, chini ya uongozi wa Profesa Louis van den Berghe. Vituo vingine vikawekwa Uvira kwa utafiti wa ziwa Tanganyika, Astrida (leo Huye, Rwanda), Elisabethville (leo Lubumbashi) na Mabali, karibu na ziwa Tumba.

Ukiiangalia IRSAC kwa macho ya leo, utaona kwamba ilikuwa hasa nyumba ya kulea watafiti vijana. Mtafiti alipewa mshahara, nyumba, maktaba, maabara, gari la kwenda vijijini, na miaka ya kufanya kazi bila haraka. Mfano mmoja ni Jan Vansina. IRSAC ilimwajiri mwaka 1952 akiwa kijana kabisa. Alipelekwa kwanza London kujifunza namna ya kuishi na kuuliza katika jamii ya watu, kisha akaja Kasai kukaa kwa Wakuba. Kutokana na kazi hiyo na ile aliyoifanya baadaye Rwanda na Burundi, alionyesha kwamba masimulizi ya wazee wetu yanaweza kuwa chanzo cha historia kama vile maandishi. Kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo kilitoka mwaka 1961.

Lakini nyumba hiyo ya kulea ilikuwa na mlango mmoja. Watafiti walioajiriwa walikuwa Wazungu. Wakongomani walikuwa madereva, wapishi, wakusanyaji wa mimea na wadudu, wasaidizi wa maabara. Wengi wao walijua majina ya ndege na majani kuliko wageni, lakini hakuna njia iliyowekwa ya kuwatoa kwenye usaidizi na kuwafikisha kwenye utafiti. Chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifunguliwa Kimwenza karibu na Léopoldville mwaka 1954 tu, na cha pili Elisabethville mwaka 1956. Uhuru ulipofika tarehe 30 mwezi wa sita 1960, nchi nzima ilikuwa na Wakongomani wachache mno waliomaliza chuo kikuu, na hapakuwa hata mganga mmoja Mkongomani mwenye shahada kamili ya udaktari wa tiba.

Lwiro ikabaki na majengo, vitabu na mashine, lakini bila kizazi kilichoandaliwa kuvishika.

Wawili waliorudi

Katika miaka ya 1960, vijana wa kwanza walitumwa Ulaya kutafuta udaktari. Tuwaangalie wawili, maana njia zao zinafundisha.

Wa kwanza ni Jean-Jacques Muyembe. Alimaliza masomo ya uganga Lovanium mwaka 1969, akaenda Leuven, Ubelgiji, akapata udaktari wa elimu ya virusi mwaka 1973, kisha akarudi kufundisha Kinshasa. Hakukuwa na maabara ya virusi iliyomngojea. Mwaka 1976, miaka mitatu tu baada ya thesi yake, alitumwa Yambuku, katika jimbo la Équateur, ambako watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Akarudi Kinshasa pamoja na sista mmoja mgonjwa, na damu ya sista huyo ikapelekwa Antwerpen, Ubelgiji, kwa sababu Kinshasa hapakuwa na mahali pa kuipima. Ugonjwa huo ndio tunaouita leo Ebola.

Tuangalie hesabu hii. Daktari wa virusi alikuwepo, tena Mkongomani, na alifika kwa wagonjwa mapema. Kilichokosekana ni kile kinachopaswa kumfuata daktari baada ya thesi: maabara, vifaa, wenzake wa kazi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibiolojia ya Kinshasa, INRB, ilianzishwa mwaka 1984, na Profesa Muyembe akaja kuiongoza. Mwaka 1995 huko Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. 7 kati yao wakaishi. Kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti wa Marekani pamoja na INRB walitengeneza dawa iitwayo mAb114. Dawa hiyo ndiyo iliyojaribiwa kwetu kuanzia mwishoni mwa 2018, Beni, Butembo na Mangina, wakati Ebola ilipoua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwaka 2019 matokeo yalionyesha kwamba inaokoa maisha. Kutoka thesi ya 1973 hadi dawa ya 2019 ni miaka 46. Mtafiti hukomaa polepole, na anayekaa na kusaidiwa hukomaa pamoja na wengine: INRB leo ina watafiti wa kizazi kipya, akiwemo Profesa Placide Mbala, ambao walichunguza aina mpya ya mpox iliyoonekana Kamituga.

Wa pili ni Valentin-Yves Mudimbe. Alipata udaktari Louvain mwaka 1970, akarudi kufundisha Lovanium, kisha Lubumbashi. Mwaka 1971 Rais Mobutu alikuwa ameviunganisha vyuo vikuu vyote vitatu, pamoja na kile cha Kisangani kilichoanzishwa mwaka 1963, kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, chini ya jicho la chama cha MPR. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, Mudimbe alitakiwa kuingia katika uongozi wa chama hicho. Akachagua kuondoka. Kitabu chake kikubwa juu ya namna Afrika ilivyobuniwa katika maandishi ya Wazungu kilitoka Marekani mwaka 1988, na huko ndiko alikolea wanafunzi wengi wa udaktari. Hasara yetu ilikuwa zaidi ya mwalimu mmoja, kwa maana wale ambao angewalea Lubumbashi hatukuwapata.

Njia inafungwa

Mwaka 1981 UNAZA iligawanywa tena kuwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Wakati huo pesa ya Zaire ilikuwa inaanguka, na mshahara wa profesa ulikuwa unaanguka pamoja nayo. Wengi walianza kufundisha vyuo vitatu au vinne ili walishe familia. Utafiti ukawa kazi ya usiku, na mara nyingi ukawa si kazi tena.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 11 mwezi wa tano 1990, ambapo wanafunzi waliuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire. Uamuzi huo ulikuwa na sababu yake, lakini uliwaumiza pia watafiti vijana: ufadhili wa masomo, majarida, vifaa na safari za kikazi vilipita katika njia hiyo hiyo. Mwaka uliofuata wanajeshi na watu walipora miji mikubwa, na wageni wengi wakaondoka.

Jambo la ajabu ni kwamba hapa mashariki vyuo vikuu vilizaliwa wakati huo huo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na kile cha Graben huko Butembo vilianza mwaka 1989. Wazazi, makanisa na walimu wa hapa ndio waliovibeba. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini chuo kinachoishi kwa karo za wanafunzi kinahitaji walimu wa kufundisha saa nyingi. Daktari mpya anapofika, hapewi miaka ya kukomaa. Anapewa kozi nane.

Nyiragongo na gharama yake

Sasa tufike kwenye mlima wenyewe. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja na kuua watu wengi vijijini. Baada ya hapo watafiti wa Lwiro walifanya kazi kwa miaka kadhaa na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Tohoku, wakiongozwa na Hiroyuki Hamaguchi, kupima mitikisiko ya ardhi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1983. Mwaka 1986 Kituo cha Kuchunguza Volkano cha Goma, OVG, kilianza kama mtoto wa Lwiro. Huo ulikuwa mfano mzuri: Mkongomani na mgeni wanapima pamoja, na mgeni akiondoka ujuzi unabaki.

Ujuzi ulibaki. Fedha hazikubaki. Vita vya 1996 na 1998 vilikata mashariki kutoka Kinshasa, na pamoja nayo mishahara ya watumishi wa serikali. Kufikia mwisho wa mwaka 2001, OVG ilikuwa na vipimo viwili tu vya mitikisiko vilivyofanya kazi, kimoja Katale na kimoja Bulengo. Mtafiti Dieudonné Wafula, aliyetoka Lwiro, aliona katika vipimo hivyo na katika nyufa za mlima kwamba hali si ya kawaida. Alionya viongozi, akaandika barua pepe kwa wataalamu wa nje akiomba msaada, siku chache kabla ya mlipuko. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ilishuka, ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 100 walikufa, na zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba.

Baada ya msiba huo msaada ulikuja: mashine mpya, watafiti wa Italia, Ubelgiji na Luxembourg, vijana wa Goma wakapata nafasi ya kufanya udaktari. Lakini msaada ulikuja kwa mradi, na kila mradi una tarehe ya mwisho. Mradi wa Benki ya Dunia ulimalizika mwaka 2020, na kituo kikakaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea taarifa za vipimo vyake. Intaneti ilirudishwa mwezi wa nne 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano mlima ukalipuka tena. Watu wapatao 30 walipoteza maisha, na siku tano baadaye mamia ya maelfu waliambiwa watoke mjini, wakaelekea Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Baadhi yenu mnaotusikiliza mlikuwa katika barabara hiyo.

Tusiseme kwamba intaneti peke yake ingeuzuia mlipuko, au kwamba ingetabiri saa yake. Wataalamu wenyewe walisema ishara zilikuwa chache sana safari hii. Lakini huwezi kumlaumu mtu kwa kutoona, kama umemfunga macho.

Ngazi isiyo na kidato

Katika vyuo vyetu ngazi inajulikana: asistanti, kisha mkuu wa kazi ambaye wanafunzi humwita CT, kisha profesa mshiriki, profesa, na profesa kamili. CT akitetea thesi, anangojea amri ya waziri imtaje kuwa profesa mshiriki. Hakuna kidato cha katikati kilichowekwa kwa ajili ya kukomaa. Jana alikuwa mwanafunzi wa mtu, leo anatakiwa kuongoza thesi za wengine.

Tena cheo kinaweza kuja bila mshahara. Mnawajua walimu wa shule za msingi wanaoitwa NU na NP, wale wapya au wasiolipwa na serikali. Katika vyuo vikuu vya serikali pia wapo. Mtu ana udaktari, anafundisha, jina lake haliko kwenye orodha ya malipo. Akipata nafasi ya miaka miwili Ubelgiji au Afrika ya Kusini, ataenda. Tukitaka arudi, lazima kuwe na kitu cha kurudia.

Mwaka 2025 vita vilifika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Benki za Goma zikafunga, uwanja wa ndege ukafungwa, familia za walimu zikatawanyika kama familia zenu. Mtafiti aliyekimbia anabeba kompyuta yake ikiwa ana bahati. Sampuli, vitabu na mashamba ya majaribio vinabaki nyuma.

Katika hilo pia historia ina mfano. Mwaka 1933, Wanazi walipofukuza walimu Wayahudi katika vyuo vikuu vya Ujerumani, William Beveridge na wenzake huko Uingereza waliunda baraza la kuwasaidia. Hawakuwapa chakula tu. Waliwatafutia meza ya kazi katika chuo kingine, na fedha kidogo ya kuendelea na utafiti. Max Born na Hans Krebs, waliopata tuzo la Nobel baadaye, walikuwa miongoni mwao. Baraza hilo lipo mpaka leo kwa jina la Cara, na tangu mwaka 1999 kuna mtandao mwingine, Scholars at Risk, unaofanya kazi ya namna hiyo duniani.

Yanayowezekana hapa

Si kila kitu kinangojea Kinshasa au mfadhili. Chuo kinaweza kumpunguzia daktari mpya kozi kwa miaka miwili. Kinaweza kumpa profesa mmoja mzee wa kumsomea makala na miradi yake kabla hajaituma. Vyuo vya Bukavu, Lwiro na kituo cha Uvira vinaweza kuandika orodha moja ya mashine zao, ili mwenye sampuli asizipeleke Ulaya wakati kipimo kiko kilomita 40. Zinaweza kutengwa siku 10 za mafunzo kwa mwaka, kama Waingereza walivyokubaliana. Na mtafiti aliyekimbia vita anaweza kupewa barua na chuo cha mahali alipo, inayomtambua kuwa mtafiti wake wa muda. Barua hiyo haigharimu kitu, lakini bila barua hiyo hawezi hata kuomba ufadhili, kwa sababu kila fomu inauliza: uko chini ya chuo gani?

Serikali nayo ina deni lake: kuwalipa waliokwisha kutajwa kwenye vyeo, na kuweka pesa ya kudumu kwa vituo kama OVG na Lwiro, isiyokatika mradi unapokwisha.

Ninyi wazazi, mnapochangia karo ya mtoto chuo kikuu, mna haki ya kuuliza mkuu wa chuo: waliomaliza thesi hapa miaka mitano iliyopita wako wapi leo, na wanafanya utafiti gani? Chuo kikijibu kwa majina na kazi, mjue kinalea. Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021, na itahitaji watu wa kuipima. Baadhi yao wamekwisha kutetea thesi na wanangojea amri ya waziri. Wengine wako ugenini, katika chumba cha kupanga pamoja na wahami wengine, na daftari za vipimo vyao ziko chini ya kitanda.